Kengele ya Chuma Juu ya Shimo la Samadi

Aliingia karakanani asubuhi ya siku ya soko, akasimama mlangoni akingoja cheche zitulie. Nilipozima mashine na kuvua kinyago, alinitazama, kisha akachungulia nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine aliyejificha huko.

"Fundi ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Karibu."

Aliweka kikapu chake chini. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka karibu na nyusi, viatu vya mpira vimejaa vumbi la safari.

"Mimi nataka kitu kubwa," akasema. "Kubwa kama nyumba ya kuku. Ya chuma. Na isipitishe hata hewa. Unaweza?"

Nilimwambia naweza, kabla sijajua ni kitu gani. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo. Mwanamke anayechomea vyuma mjini Nyeri hakuwa na nafasi ya kusema "ngoja nifikirie". Ukisema hivyo, mteja anavuka barabara na kwenda kwa mwanamume.

Karakana ilikuwa ya baba yangu, pale Majengo. Babu alikuja huku bara akiwa mpagazi, akaoa hapa, akazikwa hapa. Sisi tulikuwa Waislamu wa mjini, damu zetu zimetoka kila upande, hatuna shamba wala ng'ombe. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume, na mimi ndiye niliyependa kukaa karibu na moto wake, kwa hiyo alinifundisha kukata bati, kukunja, kupiga ribiti, na mwishowe kuchomea kwa umeme. Majirani walimwambia anamharibu binti. Alisema hana kitu cha kutuachia isipokuwa kazi. Alifariki miaka michache baada ya Uhuru, na mimi nikafungua mlango wa karakana siku ya pili baada ya arubaini, kwa sababu mama yangu na wadogo zangu walihitaji kula.

Nilimpa yule mama chaki tunayotumia kuwekea alama chuma, nikamwambia achore anachotaka. Alipiga magoti mbele ya bamba lililokuwa sakafuni akaanza kuchora huku akieleza. Alikuwa mjane. Shamba lake lilikuwa Kieni, kupita Chaka, katika ardhi iliyogawiwa wananchi baada ya mzungu mwenye ranchi kuondoka. Alikuwa na ng'ombe wanne wa gredi, wale wa maziwa mengi. Alichokosa ni kuni. Miti ya boma ilikuwa imekatwa yote, ya majirani pia, na msitu ulikuwa mbali na una askari wanaonyang'anya watu mapanga. Mafuta ya taa nayo yalikuwa yamepanda bei ghafla mwaka ule, duka la Chaka likikaa wiki nzima bila hata tone. Alikuwa amekwenda kumtembelea dada yake upande wa Nakuru, na huko, katika shamba moja kubwa, aliona watu wakipika kwa moto unaotoka kwenye mavi ya ng'ombe.

"Wanachimba shimo ya mviringo," akasema, akichora. "Wanajenga na tofali. Ndani wanatia mavi na maji, inakuwa kama uji. Halafu juu wanaweka hii." Akachora kitu kama sufuria kubwa iliyofudikizwa, mdomo wake umezama kwenye uji. "Ile mavi ikioza inatoa hewa. Hewa inaingia huku ndani, chuma inapanda juu, inaelea. Kuna paipu hapa. Ati inaenda mpaka jikoni, unawasha na kiberiti. Nimeona na macho yangu. Nimekunywa chai yake."

"Na shimo nani atajenga?"

"Niko na mtu wa tofali, anakaa Skuta. Nilikosa tu mtu wa chuma. Wale nimeuliza wamenicheka."

Mimi sikucheka, ila nilipofika nyumbani na kueleza, mama yangu hakunyamaza. Alikuwa akikanda unga wa mahamri ya biashara yake.

"Mavi?" akauliza. "Utachomea sufuria ya mavi?"

"Mavi hayaingii kwenye sufuria yao ya kupikia, Mama. Inayoingia jikoni ni hewa tu."

"Na hewa ya mavi ni nini? Si najisi hiyo? Wakikukaribisha chai utainywa?"

Nilimwambia kazi ni kazi, chai tutaijadili ikichemka.

Kutengeneza kile chuma kulinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Sikuwa na mashine ya kukunjia mabamba mapana namna ile. Tuliyakunja kwa nyundo juu ya gogo, mimi na vibarua wawili, pigo baada ya pigo, mpaka mtaa mzima ukaomba tupumzike. Kisha nikaanza kuchomea, ndani na nje. Mwisho ikaja kazi ya kutafuta matundu. Baba alikuwa amenionyesha njia yake: unapaka chaki iliyolowekwa kwenye mishono yote upande wa nje, unaiacha ikauke iwe nyeupe, kisha unapaka mafuta ya taa upande wa ndani. Mafuta hupenya mahali ambapo jicho halioni, na chaki inaweka doa. Nilipaka, nikangoja, nikaona madoa yakijitokeza kama ndui. Nilikwangua, nikachomea tena, nikapaka tena. Madoa yakapungua. Nikarudia. Mama wa Kieni alikuwa amesema isipitishe hata hewa, nami nilikuwa nimesema naweza.

Tulikisafirisha kwa lori lililoleta kabichi mjini na kurudi tupu. Chuma kile kililala nyuma kikiwa kimefungwa kamba, nami nimekaa kando yake. Tuliposimama Chaka dereva anunue sigara, watu walitoka madukani kuangalia.

"Ni kanisa gani inajengwa?" mzee mmoja akauliza.

"Si kanisa, Mzee."

"Na hiyo kengele kubwa hivi?"

Tangu siku hiyo sote tukaiita kengele.

Shimo lilikuwa tayari, limejengwa vizuri, karibu na zizi. Kieni ni nchi tambarare yenye upepo. Upande mmoja unaona mlima wenye theluji, upande mwingine safu ya Nyandarua, na katikati siku hizo hukuona mti wa kuzuia macho. Tulikuta watu wamekusanyika uani. Mmoja wao alikuwa mzee mrefu mwenye koti la mvua, kaka wa marehemu mume wa yule mama, ambaye shamba lake lilipakana na lake. Alitusalimia kwa adabu, akatusaidia hata kushusha kengele. Kisha akasema maneno yake.

"Mke wa ndugu yangu, sisi ni watu tunajulikana hapa. Utapikia watoto wa ndugu yangu na mavi?"

"Nitapika na moto," mama akajibu.

"Moto ya mavi."

"Basi nipe kuni."

Yule mzee hakuwa na kuni. Akafunga koti lake akakaa juu ya tofali zilizobaki, akitazama.

Tulijaza shimo kwa siku kadhaa. Mama, binti yake mkubwa aliyekuwa amemaliza shule, na mimi, tukichota samadi zizini kwa karai, tukiichanganya na maji kwa mikono na miguu, tukitoa majani na mawe. Nilijifunga leso juu ya suruali ya kazi, na jioni nilijisugua kwa majivu na sabuni mpaka ngozi ikauma. Shimo lilipojaa tulishusha kengele taratibu, nikafunga koki na mpira mrefu uliokwenda mpaka jikoni. Nilikuwa nimetengeneza pia jiko lenyewe, bomba lenye matundu juu ya miguu mitatu.

Kisha nikarudi Nyeri, kwa sababu kilichobaki kilikuwa kungoja tu.

Wiki zikapita, akanitumia ujumbe kwa dereva wa lori: imepanda. Nilikwenda siku ile ile. Kweli kengele ilikuwa imeinuka, inaelea, ukiisukuma inazunguka polepole kama kitu hai. Majirani walikuwa wamejaa jikoni mpaka nje. Mama alifungua koki, akawasha kiberiti, akakipeleka kwenye matundu.

Kiberiti kilizimika. Akawasha kingine. Kikazimika pia, kama kimepulizwa na mtu. Tuliendelea hivyo mpaka harufu ya mayai mabovu ikatutoa nje, na watu wakaanza kucheka. Wengine walicheka kwa huruma, wengine waliridhika. Shemeji yake hakucheka. Alisema tu, "Funika hiyo shimo kabla mtoto hajaanguka," akaenda zake.

Nilikagua mishono yangu yote kwa povu la sabuni. Haikuvuja. Nilikagua mpira. Sikuona kosa, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana kosa lisiloonekana utalitengenezaje? Mama alikuwa ameketi kizingitini, mikono imelala magotini. Nilifikiri analia. Kumbe alikuwa akifikiri.

"Hii hewa ni mbaya," akasema mwishowe. "Tuitoe yote. Tungoje ingine."

"Mama, ni wiki ngapi tena?"

"Mavi iko. Ng'ombe hawajaacha kunya."

Tulifungua koki tukaiacha kengele ishuke mpaka chini, hewa ikienda na upepo. Baadaye bwana shamba wa eneo lile, kijana mpole aliyekuja na baiskeli, alituambia tulifanya sawasawa: gesi ya kwanza kabisa haiwaki, ni lazima itolewe. Lakini siku ile hatukulijua hilo. Mama alikataa tu kushindwa.

Safari ya pili jikoni hapakuwa na watu. Walikuwa wamechoka kuja kuangalia. Tulikuwa sisi watatu tu, mchana, mlango umefungwa kuzuia upepo. Kiberiti kilipokaribia matundu palisikika sauti ndogo, puf, nami nikadhani kimezimika tena kwa kuwa sikuona kitu. Binti yake ndiye aliyeweka kiganja juu, akakitoa haraka akipiga kelele. Tuliinama, tukauona: moto wa buluu, mwembamba, usio na moshi, umesimama kwenye kila tundu. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akachukua sufuria, akatia maji na maziwa, akaitua juu yake.

Chai ilipoiva alimimina vikombe vitatu. Akanywa chake papo hapo, ikiwa bado inaunguza. Binti yake akanywa. Mimi nilishika kikombe changu, nikakumbuka maneno ya mama yangu siku ile akikanda unga.

"Mama, niruhusu niulize kwanza watu wa dini yangu."

"Hata wewe, Fundi?"

"Si kwa ubaya, Mama. Nataka nikiinywa niinywe kwa moyo mmoja."

Akakichukua kikombe akakiweka kando, na katika uso wake niliona kwamba kilimuuma, ingawa alinisindikiza mpaka barabarani kama kawaida.

Kesho yake nilikwenda kwa Maalim wetu, aliyefundisha madrasa nyuma ya msikiti. Nilimweleza kila kitu, shimo, kengele, mpira. Alisikiliza huku akichezesha tasbihi.

"Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu moshi wa najisi," akasema. "Lakini unasema moto huo hauna moshi?"

"Hauna, Maalim."

"Siwezi kukuamulia kitu sijakiona. Lori linaondoka lini?"

Sikutegemea jibu hilo. Maalim alikuwa mtu mzima mwenye miguu mibovu, na Kieni si karibu. Lakini alikuja, kanzu yake imekunjwa ndani ya koti, ameketi mbele na dereva. Mama wa Kieni hakujua afanye nini na mgeni yule. Alimwekea kiti cha marehemu mumewe. Maalim alizunguka shimo, akauliza gesi inaingia wapi na kutoka wapi. Jikoni alivaa miwani, akainama juu ya moto, akanusa, akageuza sufuria akapitisha kidole chini yake. Kidole kilitoka safi. Akatuonyesha.

"Sufuria za kwetu," akasema, "huwezi kufanya hivi." Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Mama, nimetoka mbali na baridi hii. Hakuna chai?"

Alikunywa vikombe viwili, nami nikanywa naye. Habari ya kwamba shehe wa Majengo amekunywa chai ya mavi ilifika Chaka kabla yetu. Tangu hapo majirani Wakristo, ambao hawakuwa hata na swali la najisi bali kinyaa tu, walianza kuingia jikoni mmoja mmoja.

Laiti mambo yangebaki hapo. Lakini Julai ilifika. Mtu asiyejua Kieni hawezi kujua baridi ile: ukungu unakaa mpaka saa sita mchana, asubuhi majani ya viazi yameungua kwa jalidi, umande ulioganda, ng'ombe wanatoa mvuke puani. Kengele ilianza kupanda kidogo, kisha kidogo zaidi, mpaka ikalala. Moto ukawa haufiki hata kuchemsha maji ya kikombe.

Nilipofika nilimkuta shemeji yake uani. Safari hii alizungumza na mimi.

"Fundi, wewe ni mtoto wa watu, sitakutukana. Lakini unaona. Hii kitu ni ya Nakuru, ni ya mahali iko jua. Itoe hiyo chuma mtengeneze tangi ya maji, angalau isaidie."

Lilikuwa wazo zuri, na lingenirahisishia mambo. Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika karai. "Haitoki," akasema.

Bwana shamba alikuwa ametueleza kwamba vidudu vinavyotengeneza ile gesi vinahisi baridi kama sisi, vikipoa vinalala. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: tutavipashaje joto bila kuchoma kuni? Tulijaribu kumwagia maji ya moto, lakini kuyachemsha kulikula kuni tulizokuwa tukizikimbia. Nilipaka kengele rangi nyeusi ili ivute jua. Ilisaidia siku zenye jua, na siku zenye jua zilikuwa chache.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama karibu na zizi, mikono imekufa ganzi, nikaona mvuke ukitoka kwenye lundo la mbolea, mahali walipokuwa wakitupa matandiko ya ng'ombe na mabua ya mahindi. Nilitia mkono ndani. Niliutoa haraka, lilikuwa na joto la uji. Nilimwita mama, naye akatia mkono wake, nami nikarudisha wangu, tukabaki tumetazamana, kila mmoja mkono ndani ya mbolea mpaka kwenye kiwiko.

Tulichimba mtaro kuzunguka ukuta wa tofali, tukaujaza samadi mbichi na mabua, tukashindilia, tukarundika juu mpaka karibu na mdomo wa shimo. Samadi ya kuchanganya na ile ya ndani tuliikoroga kwa maji yaliyoanikwa juani tangu asubuhi katika mapipa meusi. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji na viganja vyetu vilipasuka. Binti yake alitaka tuite wanaume. Mama alisema wanaume walikuwa wameshatoa maoni yao.

Kengele ilipanda. Haikupanda kama miezi ya joto, nisidanganye. Katika wiki za baridi kali kabisa iliweza chai na sufuria moja ya chakula, na githeri, mahindi na maharage, ilibidi ichemshwe kwa kuni kidogo. Lakini haikulala tena. Kila mwaka kabla ya Julai walibadilisha ile mbolea ya mtaroni, ikawa kazi ya msimu kama kupalilia.

Kilichomgeuza shemeji hakikuwa moto. Kila siku walipotia samadi mpya upande mmoja wa shimo, uji uliokwisha kuoza ulitoka upande wa pili, mweusi, hauna harufu wala nzi. Mama aliumwaga kwenye kabichi na majani ya ng'ombe. Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika mapema, kabichi za upande wa pili wa seng'enge zilijikunja, za kwake zikasimama. Nilikuwepo siku mzee yule alipokuja na mkokoteni wenye mapipa mawili, koti lake la mvua limefungwa mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Mke wa ndugu yangu," akasema, "ile maji ya mavi. Unaweza kunipa kidogo?"

"Chukua. Iko mingi."

Alijaza mapipa yake mwenyewe. Alipomaliza alisimama, akaipiga kengele yangu kwa kifundo cha kidole, ikalia. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, ingechukua muda gani kutengeneza nyingine.

Nilitengeneza ya kwake, kisha nyingine nyingi, kuzunguka mlima wote. Nilijifunza kwa kukosea. Kutus, ambako kuna joto, kengele ilipanda haraka hata mwenyewe akaogopa ataruka nayo. Huko sikuhitaji mtaro wa mbolea wala rangi nyeusi. Kwa mwalimu mmoja mwenye ng'ombe mmoja anayezurura barabarani mchana kutwa, haikupanda kabisa. Samadi yake yote iliachwa njiani. Nilichukua chuma changu nikamrudishia pesa zake. Kwa tajiri mmoja wa karibu na mji ilifanya kazi mwezi mmoja ikafa, kwa sababu mkewe hakuulizwa, na kibarua aliyepaswa kuikoroga aliona ni aibu. Baada ya hapo, mtu akija kunitaka nimtengenezee, nilikuwa namuuliza kwanza: Ng'ombe wako wanalala wapi? Maji unachota wapi? Nani atakayechanganya? Kama jibu la swali la mwisho lilikuwa "tutaona," nilimpa kiti, nikampa chai, nikamwambia aende akaone kwanza.

Wakati huo watu wa mikutano walikuwa wameanza kuja na magari, wakizungumza juu ya nishati na mazingira, wakipiga picha kengele za Kieni. Nilifurahi walivyokuja. Baadhi yao walileta maarifa tuliyoyahitaji, kama namna ya kujenga paa la tofali badala ya chuma. Lakini ninapofikiria maendeleo ni nini, nakumbuka ile miti. Mama wa Kieni alianza kuotesha miche kando ya shimo, ikinyweshwa uji ule mweusi. Miaka ya nyuma mti ukifika urefu wa kifua ulikatwa, kwa sababu chakula cha jioni hakingojei mti ukue. Sasa ulingoja. Mpaka wa shamba lake ulifunikwa na miti ya mikima na mikaratusi, kisha mpaka wa shemeji yake, na upepo ule uliokuwa ukitupiga tulipokuwa tukichimba mtaro ukaanza kupita juu ya vichwa.

Chuma hakidumu milele. Kengele ya kwanza ilianza kuliwa na kutu pale uji na hewa vinapokutana. Niliiziba mara kadhaa, mpaka siku moja nikaigonga kwa nyundo na nyundo ikapita. Mama alikuwa amezeeka kidogo, magoti yanamsumbua, na binti yake alikuwa ameolewa lakini alirudi kusaidia. Nilimweleza kuhusu ile njia mpya ya paa la tofali lisiloshika kutu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ya tofali," akauliza, "ikivuja utaonaje?"

"Ni vigumu kuona, Mama."

"Basi nitengenezee ya chuma. Lakini nzito zaidi, chini huku."

Nilitumia bamba nene sehemu ya chini, nikaipaka lami. Siku ya kuishusha walikuja watu wa kutosha, na shemeji, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alisimama kando akielekeza kila mtu kwa sauti kubwa, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Hakuna aliyembishia. Kengele ikagusa uji, ikayumba, ikatulia sawa. Binti alikwenda kuangalia mpira kama haujakunjika, mama akaniletea maji ya vuguvugu ya kunawa, nami nikaanza kukusanya vyombo vyangu, maana kesho yake nilikuwa na kazi nyingine Nanyuki.